Ulimi wa Tabita na Mkanda Mweupe

Watu wa Ivuna walizoea kusema kwamba kila mtu amepewa ulimi wa kusema, lakini ulimi wa kuonja wamepewa wachache. Tabita alipewa zote mbili. Ule wa kusema ulimgombanisha na mawifi zake tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Ule wa kuonja ndio uliompa jina hadi Mbozi, kwa wakulima wa kahawa waliokuwa wakinunua chumvi yake na kusifu kwamba haina uchungu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kiangazi kikikaza, wanawake walishuka kwenye chemchemi, wakakwangua udongo na kuujaza katika vichujio vya majani, wakamwagia maji, na kile kilichodondoka wakakichemsha kutwa nzima mpaka chumvi ikabaki chunguni. Kuni zilifuatwa mbali. Ukichemsha udongo mtupu, umechoma kuni pamoja na mgongo wako mwenyewe. Ndiyo maana ilikuwa mwiko udongo kuondoka shimoni kabla haujaonjwa. Tabita alichukua kiasi cha kushikika kwa vidole viwili, akaweka ulimini, akafumba macho, akatema upande wa kushoto, kisha akataja jina.

Kila udongo ulikuwa na jina lake. Kulikuwa na Mama Mwenye Nyumba, uliojaa chumvi na kuheshimiwa na wote. Kulikuwa na Mkwe, ulioanza kwa adabu halafu ukaleta uchungu. Kulikuwa na Mjane, uliokaa kimya mdomoni kwa muda mrefu kabla ya kusema neno moja. Na kulikuwa na Bibi Arusi: mweupe, laini kama unga wa muhogo, mzuri wa kutazama, usio na chumvi hata chembe. Bibi Arusi ulitupwa kando huku watu wakicheka.

Huo huo Bibi Arusi ulionekana pia kule juu, kwenye ukingo wa vilima, umejichora kama mkanda mweupe kiunoni mwa mlima. Bibi yake Tabita, mzaa mama, alimfundisha kuutazama. "Ule ni mdomo wa ziwa," alimwambia. "Ziwa lilikunywa mpaka pale, likaacha povu."

Tabita alilishika neno hilo akiwa mtoto na hakuliachia. Mchana wa jua kali, wakati vyungu vinatokota na wenzake wamejilaza kivulini, yeye alikaa macho akitazama mbuga. Ziwa Rukwa lilikuwa limejivuta mbali kwa miaka, likaacha uwanda mtupu wenye nyasi mpya. Lakini saa saba mchana jua hufanya mazigazi, maji ya uongo yanayotetemeka juu ya nchi kavu, na Tabita aliona ziwa limerudi lote, linang'aa, limefunika chemchemi na vyungu na kijiji, na yeye mwenyewe ameketi chini yake akipumua bila taabu. Hakuogopa. Alikuwa akisikia kama amefika nyumbani kwa watu waliomngoja. Kisha mtu alipiga chafya, maji yakapasuka, na kazi ikaendelea.

Walimwita Bibi Ziwa, kwa utani ambao haukuwa utani mtupu. Mzee wa kanisa alimwambia kwa upole kwamba gharika ilikuwa moja, ya Nuhu, na Mungu aliahidi kutoirudia. Tabita alijibu kwamba Nuhu hakuwahi kufika Ivuna.

Angeweza kuzeeka hivyo, akiota mchana na kutaniwa jioni, kama Jenista asingeolewa na Rubeni. Jenista alikuwa mwanawe wa pekee. Rubeni alikuwa mfugaji, kijana mchapakazi, na mchapakazi akiona nyasi hawezi kutulia. Alitaka kujenga kule chini uwandani, karibu na ukingo mpya wa ziwa, ambako ng'ombe wangeshiba bila kutembea. Nguzo alikuwa amekwisha kuzikata. Na walikuwa na mtoto, Nesta, aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kukimbia.

Kulikuwa na sehemu ya hadithi ya bibi ambayo Tabita hakuwa akiisimulia kwenye vyungu. Siku maji yaliporudi, mama yake bibi alikimbia akibeba mafiga matatu ya jiko lake, kwa kuwa nyumba ni mafiga. Alidhani mtoto mdogo amebebwa na shangazi. Shangazi alidhani mtoto yuko na mama. Walipokutana juu kilimani, mmoja alikuwa na mawe na mwingine alikuwa na mkeka.

Hiyo ndiyo iliyomkosesha Tabita raha kila alipomwona Nesta akikimbia kuelekea uwandani. Na kusema na Rubeni hakuweza. Kwa mila yao, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Rubeni akija, aliketi ameupa mgongo mlango, na maneno yote yalipitia kwa Jenista.

"Mwambie mumeo maji yatarudi," alisema Tabita.

"Mwambie mama," Rubeni aliiambia nguzo ya baraza, "namheshimu sana. Lakini maji hayo nani ameyaona?"

Jenista aliyapokea maneno ya pande zote mbili akachoka. "Mama, mimi nimekua nikisikia hadithi ya ziwa. Huwezi kulisha ng'ombe kwa hadithi."

Tabita alijiuliza. Nani ameyaona? Hakuna. Bibi alikuwa kaburini, na mazigazi si shahidi.

Mwaka ule ule, wa nne baada ya vita vya Hitla, lilikuja lori lenye mahema. Ndani yake alikuwamo mwanamke wa Kizungu mrefu, aliyeungua pua, ambaye watu walimwita Misi Adlen, pamoja na karani wake Nikodemo, Mnyiha wa Mbozi aliyesomea misheni na kuvaa kofia hata akiwa kivulini. Walitaka mtu wa kuwapikia na kuwaonyesha mashimo ya zamani. Watu walimwonyesha Tabita, nusu kwa heshima, nusu ili wapumzike kidogo.

Alidhani wanatafuta dhahabu, kama wengine waliopita. Lakini Misi alichimba shimo refu kwenye mteremko, kati ya chemchemi na mkanda mweupe, na alichokitaka kilikuwa udongo. Kila tabaka alilichota kivyake, akatia kwenye mfuko mdogo wa kitambaa. Mfuko wa kwanza ulipopanda juu, Tabita aliacha sufuria jikoni akaja mbio.

"Haujaonjwa," alisema.

Nikodemo alicheka. "Mama, hatupiki chumvi hapa."

"Mwiko ni mwiko, mwanangu. Udongo hautoki shimoni kabla haujaonjwa."

Misi aliuliza ni nini, akaelezwa, akasogea pembeni kwa adabu kumpisha. Basi mifuko yote kumi na mmoja ilipita ulimini kwa Tabita, kuanzia juu hadi chini, na yeye akaita majina: Mkwe, Mjane, tena Mkwe, Bibi Arusi, Mama Mwenye Nyumba, na wa tisa tena Bibi Arusi. Nikodemo alibandika karatasi yenye namba kwenye kila mfuko. Gundi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Tabita alimkorogea uji mzito wa ulezi.

Siku ya tatu Misi alimwita hemani. Juu ya meza kulikuwa na hadubini, chombo cha shaba chenye jicho moja la kioo. "Tazama, mama," alisema kwa Kiswahili chake cha kukanyaga pole pole. "Jicho moja funga."

Tabita aliinama. Mwanzoni aliona kope zake mwenyewe. Kisha akaona mwanga, na ndani ya mwanga vitu vimetulia. Kulikuwa na vichujio vidogo vya duara, vilivyofumwa kwa ustadi kuliko chujio lolote la Ivuna, tundu kwa tundu, vya kioo kitupu. Kulikuwa na vingine virefu kama mbegu za tango. Kulikuwa na magamba mawili mawili, yamefumbana kama maharage. Alikaa pale mpaka shingo ikauma. Ilikuwa kama ule mchana wa mazigazi, ila safari hii hakuna aliyepiga chafya, na maji hayakupasuka.

"Ni nini?"

"Ni Bibi Arusi," alisema Nikodemo. "Ule unaoutupa. Wote ni maganda ya viumbe wa majini, wadogo kuliko vumbi. Waliishi ziwani, wakafa, wakazama, mwaka juu ya mwaka."

Misi alimwekea kioo kingine, chenye viganda vilivyoviringana kama konokono wachanga. Hivyo vilitoka baharini, kutoka kwenye matope ya kina kirefu ambako yeye alijifunzia kazi. Nikodemo akatafsiri: viumbe wengine wa bahari hupenda maji ya baridi na wengine ya joto, wakifa huanguka chini kila mmoja kwa zamu yake, na aliyechimba matope yale akaona nani amelala juu ya nani, hujua zama zipi dunia ilikuwa baridi na zama zipi ilipata joto. Hapa Rukwa Misi alitaka kujua kama chumvi ya Ivuna ni machozi ya bahari ya kale. Hakukuta kiganda hata kimoja cha bahari. Alikuta wa ziwa tu: wapo wanaopenda maji matamu yenye kina, na wapo wanaovumilia maji machache yenye chumvi.

"Kwa hiyo ziwa lilifika hapa," alisema Tabita taratibu.

"Lilifika. Lakini lilifika mara ngapi, na lilikuwaje katikati, hilo tutalijua kwa kupanga mifuko."

Tabita alitoka hemani miguu ikiwa miepesi. Mashahidi wamepatikana! Wamelala kumi na mmoja mfululizo, na mwanamke mwenye kioo atawasemesha mbele ya Rubeni. Alimwomba Nikodemo, na Nikodemo akakubali, kwamba Misi akirudi kutoka Mbeya alikokwenda kuchukua barua, watawaita Jenista na mumewe waje waone.

Misi alikaa Mbeya siku nne. Siku ya pili Tabita alimsikia Nikodemo akipiga kelele kama mtu aliyekanyaga nyoka. Mchwa walikuwa wamepanda juu ya mifuko. Kitambaa hawakukigusa; walikula karatasi zote, kwa kuwa karatasi zilipakwa uji. Na Nikodemo, katika kukung'uta mchwa, alikuwa ameichanganya mifuko yote. Shimo lenyewe lilikuwa limeporomoka siku moja kabla, ng'ombe wa Rubeni walipopita ukingoni mwake.

Hapa ni lazima niseme ukweli: mtu yeyote wa Ivuna angeukoroga uji ule kwa chumvi, na mchwa wasingeupenda hivyo. Tabita ndiye aliyeuacha mtupu kwa makusudi, kwa kuwa alisikia kwamba chumvi isiingie kwenye udongo wa Misi. Mpika chumvi hodari kuliko wote aliharibu kazi kwa kukosa chumvi. Alijua, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nimekwisha," alisema Nikodemo, kofia mkononi. "Bila mpangilio, huu ni udongo tu."

"Niletee maji ya kusukutua," alisema Tabita.

Aliketi mkekani, mifuko imemzunguka. Alionja mmoja, akafumba macho. Haukuwa wa juu. Akaonja mwingine. Polepole shimo lilianza kurudi kichwani mwake. Alijiona anateremka ndani yake tabaka kwa tabaka, kama mtu anayeshuka ngazi katika nyumba aliyozaliwa. Huu ulikuja baada ya Mkwe. Huu ulikuwa chini ya Mjane, na Mjane ule ulikuwa na harufu ya nyasi zilizooza. Chini kabisa alisikia baridi ya ziwa kwenye fizi.

Akiwa katikati ya kazi, wazo baya likaja na kuketi karibu naye. Mifuko ya Bibi Arusi ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa wa nne kutoka juu, mwingine wa tisa. Nani angejua kama ule wa nne angeuweka wa pili? Maji yangeonekana yaliondoka jana tu. Rubeni angeogopa, Nesta angepona, na Mungu husamehe kina bibi. Mkono wake uliinua mfuko. Alikaa nao hewani muda mrefu, jasho likimtiririka.

Kisha akaurudisha wa nne. Ulimi wake haukuwahi kutaja jina la uongo juu ya udongo, hata udongo wa mtu asiyempenda. Na kama mashahidi ni waongo, kuna faida gani kuwa nao?

Misi aliporudi alielezwa yote. Alikunja uso, akaingia hemani, akashinda siku mbili amelikalia jicho la kioo. Nikodemo alieleza kwamba kila tabaka huacha viganda vyake vichache kwa jirani, kwa hiyo mpangilio ukiwa sahihi, majirani watafahamiana. Alipotoka, Misi alikuwa anacheka. Mifuko tisa ilikuwa mahali pake. Miwili tu ilikuwa imepishana, Mkwe na Mjane wa chini.

"Hao hata majumbani hupishana," alisema Tabita, lakini moyoni iliuma kidogo. Ulimi ulikuwa unazeeka.

Wakaitwa Jenista na Rubeni. Rubeni aliketi nyuma ya hema, mgongo kwa mama mkwe, akisikiliza. Misi aliipanga mifuko mkekani akaeleza: hapa maji ya kina, matamu, hapa yamepungua, chumvi, hapa pakavu, mizizi ya nyasi, hapa maji tena, mpaka juu kwenye mkanda mweupe, hapa pakavu tena, kama leo. Ziwa lilikuja na kuondoka, likaja na kuondoka. Jenista aliinama kwenye kioo. 

Rubeni akaiambia turubai ya hema: "Muulize Misi, litarudi lini?"

"Viganda havisemi lini," alijibu Misi. "Vinasema hurudi. Miaka mitano, miaka mia tano, sijui."

Tabita aliona aibu ya furaha ikimpanda usoni. Bibi alikuwa na kweli! Aligeuka kumtazama mwanawe, tayari kupokea ushindi wake. Lakini Jenista alikuwa anamtazama Nikodemo, na kile chombo cha miguu mitatu alichotumia kupimia usawa wa nchi.

"Kaka, ulipima nyumba ya mama pia?"

Nikodemo alikohoa. "Nilipima."

"Iko juu ya mkanda mweupe au chini yake?"

"Chini. Watu wazima kumi na wawili wasimame mmoja juu ya bega la mwenzake, ndipo wa juu aguse mkanda."

 Tabita alitazama nyumba yake kule chini, paa lake, chemchemi, na rundo la mawe kando ya chemchemi alipolala marehemu mumewe Luka. Miaka yote hiyo alikuwa akionyesha uwanda kwa kidole. Hata siku moja kidole hakikumgeukia yeye.

"Nyani haoni kundule," alisema mwenyewe, ili asisemewe na mtu.

"Mama," alisema Jenista, na sauti yake haikuwa ya kushinda, "wewe unanivuta mimi nitoke majini, na umelala humo humo."

"Mimi niko na baba yako."

"Najua. Na mimi niko na wewe. Ukihama, nitahama. Usipohama, nitajenga pale pale chini, angalau tuzame pamoja."

Nyuma ya hema Rubeni alisema: "Mwambie mama, maneno hayo ni yangu pia."

Lori liliondoka wiki iliyofuata, na mifuko ikaondoka nayo, sasa ikiwa na namba zilizoandikwa kwa rangi. Tabita alirudi kwenye vyungu. Kwa siku tatu hakuonja kitu, na wenzake walikaa bila kazi wakimngoja. Alikaa karibu na mawe ya Luka mchana mzima, akitazama mazigazi. Maji ya uongo yalifunika mawe, yakafunua, yakafunika. Alimweleza Luka habari zote, za viganda, za mchwa, za mfuko wa nne. Alimweleza kwamba anamwacha, na kwamba anampenda hivyo hivyo ingawa anamwacha. Alilia bila kujificha.

Siku ya nne, asubuhi na mapema, Jenista alikuwa anatwanga aliposikia watoto wakiita. Mama yake alikuwa anapanda mlima peke yake. Kichwani alikuwa na jiwe la jiko. Alilipeleka juu ya mkanda mweupe, akaliweka kwenye nyasi, akashuka. Akabeba la pili. Aliposhuka kuchukua la tatu, Rubeni alikuwa amekwisha kulifikia; alilibeba yeye, akitembea mbali naye hatua ishirini kwa heshima, macho chini. Nesta alimfuata nyuma akikimbia. Safari hii mafiga yalitangulia ili mtoto afuate.

Tangu hapo Tabita alishuka kwenye chumvi kila alfajiri na kupanda kila jioni, na magoti yake hayakumsamehe. Watu walisema amerogwa na Mzungu. Wengine walijenga uwandani, wakanenepesha ng'ombe, wakamtania. Mwaka wa kwanza ukapita, wa pili, wa tano. Rubeni alipeleka ng'ombe wake chini na kuwarudisha juu, na kama alijuta hakuiambia nguzo wala turubai.

Mwaka wa nane mvua haikukatika. Ziwa lilikuja mchana, bila kelele, likitambaa kwenye nyasi kama mtu anayerudi kwake na hana haja ya kubisha hodi. Waliojenga uwandani walikimbilia juu, wakapokelewa kwenye mafiga ya Tabita, na hakumkumbusha hata mmoja utani wake, jambo lililowashangaza kuliko ziwa. Watoto walihesabiwa mara tatu. Wote walikuwapo.

Mvua zilipotulia, alishuka na Jenista na Nesta, ambaye sasa alikuwa binti wa kubeba mtungi. Vyungu havikuonekana, chemchemi haikuonekana, wala yale mawe. Tabita aliingia majini mpaka magotini, akaendelea mpaka kiunoni, mpaka pale miguu yake ilipogusa mawe aliyoyapanga kwa mikono yake. Akasimama. Akateka maji kwa kiganja, akayatia mdomoni, akafumba macho.

"Mama," aliita Jenista kutoka ukingoni, "unalia?"

Tabita alitikisa kichwa, alikuwa anaonja. Jenista alingoja amwone akitema upande wa kushoto na kutaja jina, kama alivyofanya maisha yake yote kwa kila kitu kilichotoka katika ardhi ile.

Hakutema. Aliyameza.